Kingamwili Zing'aazo na Utambuzi wa Seli za Kinga katika Wanyama: Toka Panya wa Boston hata Ng'ombe wa Kabete

Mwaka wa 1879 Paul Ehrlich, Mjerumani aliyekuwa bado kijana, alianza kutangaza namna alivyozipambanua chembe nyeupe za damu kwa rangi za viwandani, jamii ya zile zitumiwazo kutilia nguo. Chembe nyingine zilipokea rangi zenye asili ya asidi, nyingine zilipokea rangi za alkali, na nyingine zilikubali zote mbili. Kwa njia hiyo yakapatikana makundi ambayo yangali yakitajwa katika vitabu vya utabibu. Lakini limfosaiti, zile seli ndogo za mviringo ambazo kiini chake hujaza karibu nafasi yote ya ndani, zilibaki zikifanana kama punje za mtama. Rangi zote zilizojaribiwa zilizipaka kwa namna moja, wala hadubini iliyo bora kupita nyingine haikumwonyesha mtazamaji tofauti yo yote kati ya hii na ile. Ikawa desturi kuzihesabu kama aina moja, na wako waliozidhania kuwa hazina kazi kubwa mwilini.

Kosa hilo lilikuwa na gharama. Mwaka wa 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya pepopunda yanaweza kumwokoa mnyama mwingine. Basi ndani ya maji yale mlikuwamo kitu chenye kukinga. Na kama kimo, kimetengenezwa na nani? Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 swali hilo lilijibiwa kwa makisio. Wengine walizitaja makrofaji, zile seli kubwa zilazo vijidudu, kwa hoja kwamba amezaye kitu ndiye akijuaye. Wengine walizitaja limfosaiti zenyewe. Kila upande ulikuwa na majaribio yake, wala hapakuwapo njia ya kuitazama seli moja moja na kuiuliza.

Yafaa hapa kusimama kidogo juu ya jina, maana jina lenyewe limebeba sehemu ya habari. Ehrlich alikiita kitu kile, katika maandishi yake ya mwaka 1891, kwa neno la Kijerumani Antikörper, yaani kitu kilicho kinyume cha kingine. Lugha nyingi za Ulaya zikafuata muundo huo huo. Kiswahili kimekwenda njia nyingine: kingamwili ni kinga ya mwili. Neno la Kijerumani lataja upinzani tu, bila kusema ni kwa faida ya nani. La Kiswahili lataja kazi na mwenye kufaidika. Ni neno zuri, lenye kueleweka hata kwa mtoto wa shule. Hata hivyo lina mtego wake, kwa kuwa katika njia itakayoelezwa hapa kingamwili haikingi mwili wo wote. Imeajiriwa kazi ya kuonyesha, mithili ya kidole cha shahidi barazani.

Jambo lililoifanya ifae kwa kazi hiyo ni uchaguzi wake. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya protini fulani hushikamana na protini hiyo, au sehemu yake ndogo tu, na kuyaacha mengine maelfu yaliyo karibu. Kitu kishikwacho huitwa antijeni. Ikiwa kingamwili yaweza kubebeshwa taa bila kupoteza uwezo wake wa kuchagua, basi po pote taa itakapowaka ndipo antijeni ilipo. Fikira hii yaonekana nyepesi leo. Mwaka wa 1934 Mwingereza John Marrack alikwisha kuzifunga kingamwili kwa rangi nyekundu, na bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu wakapata wekundu walipokutana nazo. Lakini rangi ya kawaida huonekana kwa kuwa nyingi; vitone vichache vilivyomo katika kipande chembamba cha nyama havikuweza kuonekana hata kidogo.

Aliyeipata taa ifaayo alikuwa Albert Coons, Mmarekani aliyezaliwa Gloversville, katika jimbo la New York, mwaka wa 1912. Mwaka wa 1939 alikuwa Berlin kwa mapumziko, akiyawaza mafundo madogo yatokeayo katika moyo wa mgonjwa wa homa ya baridi yabisi. Ilidhaniwa kwamba mafundo hayo huletwa na mwili kupigana na masalia ya bakteria, lakini hakuna aliyewahi kuyaona masalia hayo mahali penyewe. Coons akafikiri kwamba kingamwili yenye kung'aa ingeweza kuyafichua. Aliporudi Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Boston, aliwapata wanakemia Hugh Creech na Norman Jones, waliokuwa wakijifunza kuunganisha protini na vitu vya jamii ya antraseni kwa ajili ya uchunguzi wa saratani. Yaliyokuwa yamekusudiwa kwa jambo moja yakasaidia jingine, kama itokeavyo mara nyingi katika elimu.

Maana ya kung'aa huku ni lazima ifafanuliwe, kwa kuwa Kiswahili hutumia neno moja kwa nyota, kwa bati lililosuguliwa na kwa kimulimuli. Kitu cha namna hii hakina nuru yake chenyewe, wala hakirudishi tu nuru kama kioo. Hupokea nuru ya rangi moja na papo hapo kutoa nuru ya rangi nyingine iliyo dhaifu zaidi. Fluoresini, rangi iliyotengenezwa kwanza na Adolf von Baeyer mwaka wa 1871, hupokea nuru ya buluu na kutoa ya kijani. Ukiweka mbele ya jicho kichujio kizuiacho buluu yote, kila kitu hutoweka gizani isipokuwa kile chenye fluoresini. Faida ni kwamba jicho halitafuti tena doa jeusi juu ya karatasi nyeupe. Latafuta nyota usiku, na nyota moja yatosha. Ehrlich mwenyewe alikuwa ameitia rangi hii katika macho ya sungura mwaka wa 1882 ili kufuata mwendo wa maji ya ndani ya jicho, lakini hakuwahi kuifunga juu ya kingamwili.

Jaribio la kwanza la Coons na wenzake lilitangazwa mwaka wa 1941. Walitumia antraseni, na bakteria wa kichomi waliochanganywa na kingamwili hiyo wakawaka rangi ya buluu. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: nyama ya mnyama, hata isipotiwa kitu, hutoa mng'ao wake wa asili ulio karibu na buluu hiyo hiyo. Shahidi na umati wakawa wamevaa kanzu moja. Kwa sababu hiyo wakahamia fluoresini, ambayo ukijani wake ni nadra katika mwili, na Ernst Berliner akaungana nao katika kazi ya kemia. Mwaka wa 1942 waliweza kuonyesha antijeni ya bakteria wa kichomi ndani ya viungo vya panya walioambukizwa. Kisha Coons akaenda jeshini, akatumika upande wa Pasifiki, na kazi ikalala mpaka vita vilipokwisha.

Aliporejea alishirikiana na Melvin Kaplan, na maandishi yao ya mwaka 1950 ndiyo yaliyoifanya njia hii iwe chombo cha kutumainiwa. Jambo kubwa katika maandishi hayo ni namna walivyoshughulika na nuru ya uongo, na kwa maoni ya wengi waliokuja baadaye hiyo ndiyo iliyokuwa thamani yake. Kingamwili iliyopakwa fluoresini huweza kunata mahali pasipo na antijeni, kwa sababu tu protini zenye rangi hunata. Seli zilizokufa huinywa ovyo. Chembe nyeupe za namna ile iitwayo eosinofili huivuta kwa chembechembe zake bila kujali imetengenezwa dhidi ya nini. Coons na Kaplan waliichanganya kwanza kingamwili yao na unga wa ini lililokaushwa, ili kila chenye tabia ya kunata ovyo kinate huko na kutupwa. Kilichobaki ndicho kilichopelekwa chini ya hadubini. Tena waliweka masharti ya ushahidi. Seramu ya mnyama asiyezoezwa, ikipakwa rangi ile ile, isiwashe kitu. Na kingamwili isiyo na rangi, ikitangulia kushika antijeni, izuie ile yenye rangi isipate pa kushika. Nuru isiyopita katika milango hiyo haikuwa na haki ya kuitwa ushahidi.

Mtu aweza kuyaona masharti hayo kuwa ni mambo madogo ya maabara. Si madogo. Mwaka wa 1979, karibu miaka 30 baadaye, Jay Unkeless alieleza kingamwili iitwayo 2.4G2, ambayo huziba midomo ile iliyo juu ya makrofaji na seli nyingine za panya ambayo hushika kingamwili yo yote kwa upande wake wa mkiani. Hapo ikadhihirika wazi zaidi kwa nini seli nyingi zilikuwa zikiwaka pasipo sababu. Kila anayechunguza seli za panya leo huanza kwa kuziba midomo hiyo. Asiyefanya hivyo huhesabu wageni pamoja na wenyeji.

Kwa silaha hiyo Coons aligeukia swali la zamani: nani hutengeneza kingamwili? Miaka michache kabla yake, mwaka wa 1948, Astrid Fagraeus wa Stockholm alitoa tasnifu yenye nguvu. Alikuza nje ya mwili vipande vya wengu wa sungura na kuona kwamba sehemu zenye seli za plazima kwa wingi ndizo zilizotoa kingamwili nyingi. Hoja ilikuwa nzito, ila bado ilihusu kipande kizima cha wengu. Mwaka wa 1955 Coons, pamoja na Elizabeth Leduc na Jeanne Connolly, waliigeuza njia yao juu chini. Walichukua vipande vyembamba vya tezi na wengu wa sungura aliyezoezwa protini fulani, wakavimwagia protini ile ile ili ishikwe na kingamwili zilizomo ndani ya seli, halafu wakafuatiliza kingamwili yenye fluoresini dhidi ya protini hiyo. Seli yenye kingamwili ikawa katikati ya mkate wa tabaka tatu. Zilizowaka zilikuwa seli za plazima na zile zilizo njiani kuwa plazima. Makrofaji hazikuwaka. Waliona pia kwamba sungura apatapo protini mara ya kwanza seli ziwakazo ni chache, na apatapo mara ya pili huzuka kwa makundi makubwa katika siku chache. Mabishano ya nusu karne yakamalizwa kwa kutazama.

Hata hapo njia ilikuwa bado ngumu kwa maabara ya kawaida. Rangi ya Coons ilitengenezwa kwa msaada wa fosjeni, gesi ya sumu iliyotumika vitani, na haikudumu ghalani. Mwaka wa 1958 Riggs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kansas walipata namna nyingine ya fluoresini, iliyo unga mkavu unaovumilia kuwekwa na unaoshikamana na protini kwa wepesi. Toka siku hizo njia ikaenea upesi. Coons alipewa tuzo ya Lasker mwaka wa 1959. Alifariki mwaka wa 1978.

Sehemu ya pili ya historia hii ilianza seli zilipoachwa hai. Vipande vya nyama vya Coons vilikuwa maiti, vimekatwa na kugandishwa. Mwaka wa 1961 Göran Möller, wa Sweden, alionyesha kwamba seli hai za panya, zikielea katika maji, zaweza kupakwa kingamwili ing'aayo na kuwaka ukingoni mwake, kwa kuwa kingamwili haipenyi ndani ya seli iliyo hai. Basi uso wa seli ukawa kitu cha kusomwa. Na usomaji huo ulikuja kwa wakati wake, maana fumbo la limfosaiti lilikuwa likifumbuka upande mwingine. Bruce Glick alikuwa ameona, mwaka wa 1956, kwamba kuku aliyeondolewa kifuko cha Fabricius, kilicho karibu na mkundu wake, hushindwa kutengeneza kingamwili. Jacques Miller, akiwa London mwaka wa 1961, alikuwa ameona kwamba panya mchanga aliyeondolewa thaimasi, tezi iliyo kifuani, hupungukiwa na limfosaiti na kushindwa kukataa ngozi ya kupandikizwa. Kulikuwa na makabila mawili ya limfosaiti, yaliyotoka mahali pawili na kuchanganyika katika damu, yakiwa na sura moja.

Kingamwili zenye fluoresini zikayatenga. Katika miaka ya 1969 na 1970 Martin Raff na wenzake huko London walionyesha kwamba limfosaiti za panya zilizotoka katika thaimasi hubeba alama iliyoitwa theta, ambayo siku hizi huitwa Thy-1, na kwamba nyingine hubeba kingamwili juu ya uso wake zenyewe. Za kwanza zikaitwa T kwa jina la thaimasi. Za pili zikaitwa B kwa jina la kile kifuko cha kuku, ambacho kwa Kilatini huitwa bursa. Panya hana kifuko hicho, wala mtu hana, wala ng'ombe hana. Jina limehama kutoka kwa kuku likawafikia viumbe wasiojua asili yake, kama yalivyohama majina mengi ya pwani yaliyoletwa na pepo za kaskazi.

Ikabaki shida ya kuhesabu. Mtu akikaa chumbani gizani na hadubini, aweza kuzitazama seli mia chache kabla macho hayajamshinda. Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyekuwa amechoshwa na kazi hiyo, alikwenda Los Alamos, ambako Mack Fulwyler alikuwa ametengeneza, mwaka wa 1965, chombo cha kutenga seli kwa ukubwa wake. Fulwyler alikuwa ameazima ufundi kutoka kwa Richard Sweet, aliyebuni mashine ya kuandika kwa matone ya wino yaliyotiwa umeme. Kwa Herzenberg tone likabeba seli badala ya wino. Chombo cha kwanza cha Stanford kilielezwa mwaka wa 1969, na kilichofuata, chenye mwanga wa leza, mwaka wa 1972. Seli hupita moja moja mbele ya leza. Ikiwaka, tone lililoibeba hutiwa umeme na kuvutwa upande mmoja. Isipowaka, huanguka chini. Mwaka huo huo wa 1972 Michael Julius, Tohru Masuda na Herzenberg walitenga kwa chombo hicho seli za panya zilizoshika antijeni fulani, wakazitia katika panya wengine, na kuthibitisha kwamba hizo ndizo mama wa seli zitoazo kingamwili. Njia iliyokuwa ya kuona ikawa pia njia ya kukamata.

Kasoro ya mwisho ilikuwa katika kingamwili zenyewe. Seramu ya sungura ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja na mapenzi yake, na sungura akifa seramu yake hufa naye. Mwaka wa 1975 Georges Köhler na César Milstein, mjini Cambridge, waliunganisha seli ya wengu wa panya na seli ya saratani. Mzao wake ulidumu kama saratani na kutoa kingamwili ya aina moja tu bila kikomo. Hawakuikatia hataza. Mwaka wa 1977 Alan Williams wa Oxford, pamoja na Giovanni Galfrè na Milstein, walitumia ufundi huo kwa seli za panya wakubwa wa maabara. Hawakuanza na antijeni waliyoijua. Walimzoeza panya mdogo seli za panya mkubwa, kisha wakauliza kila kingamwili iliyozaliwa inapaka seli zipi. Moja yake, waliyoiita W3/25, ilizipaka baadhi tu ya seli za T na kuziacha nyingine. Hivyo kabila la T nalo likadhihirika kuwa na koo ndani yake, wasaidizi na wauaji, nazo zilitengwa kwa nuru.

Hapo ndipo mambo yalipowahusu wanaoshughulikia lugha. Kila maabara ilizipa kingamwili zake majina yake. Protini moja, ile iliyoonekana kwa W3/25, katika binadamu iliitwa T4 na wengine, na Leu-3 na wengine. Katika panya mdogo ikaitwa L3T4. Mtu aliyesoma makala mbili aliweza kudhani amesoma habari za vitu viwili. Mwaka wa 1982 wataalamu walikutana Paris, wakalinganisha kingamwili zao juu ya seli zile zile, na kila fungu la kingamwili lililopaka kwa namna moja likapewa herufi CD na nambari. Ile ya W3/25 imekuwa CD4; ile ya seli zenye kuua imekuwa CD8. Wasomaji wa kurasa hizi watakumbuka kazi ya Kamati iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha Kiswahili, na mabishano yaliyofuata. Tofauti ni kwamba huko Paris hakuna lahaja iliyofanywa kuwa msingi: majina yote ya zamani yaliwekwa kando, na nambari tupu zikachukua mahali pake. Nambari haina utamu. Lakini haimpendelei mtu, wala haidai kujua kazi ya kitu kabla kazi hiyo haijathibitishwa, na kwa sifa hiyo ya pili imeyashinda majina mengi yaliyobuniwa kwa haraka.

Afrika Mashariki imo katika habari hii kwa sababu ya ng'ombe. Robert Koch alikuwa Dar es Salaam mwaka wa 1897 na 1898, akaona ndani ya chembe nyekundu za ng'ombe vimelea vidogo ambavyo hakuvitambua kwa jina lake la haki. Ugonjwa wenyewe ulijulikana na wafugaji tangu zamani. Katika Kiswahili ni ndigana kali. Ulipofika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na ng'ombe walionunuliwa pwani ya huku, uliangamiza mifugo wengi, na Wazungu wakauita homa ya pwani ya mashariki. Huletwa na kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe. Kimelea chake, Theileria parva, kina hila isiyo ya kawaida: huingia ndani ya limfosaiti, seli ile ile iliyopaswa kukilinda kiwiliwili cha mnyama, kisha huifanya igawanyike bila kukoma, nacho hugawanyika pamoja nayo. Tezi huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji. Ng'ombe wa kigeni, au chotara aliyenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, aweza kufa katika muda wa wiki tatu au nne.

Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, Kenya, W. A. Malmquist, M. B. A. Nyindo na C. G. D. Brown walifaulu mwaka wa 1970 kuzikuza nje ya mwili limfosaiti zilizoambukizwa. Seli hizo zikawa ghala la antijeni, na mara zikatumiwa katika kipimo cha kingamwili zing'aazo: seramu ya ng'ombe humwagwa juu ya vimelea vilivyokaushwa kiooni, kisha hufuatilizwa kingamwili yenye fluoresini dhidi ya kingamwili za ng'ombe. Kikiwaka, ng'ombe amewahi kuambukizwa. Kipimo hiki kiliwasaidia madaktari wa mifugo kujua ugonjwa umeenea wapi. Lakini kilileta pia fadhaa. Ng'ombe waliopona walikuwa na kingamwili tele, na hata hivyo seramu yao, ilipotiwa katika ng'ombe wengine, haikuwaokoa. Kinga ilikuwapo, ila haikuwa katika kitu kile ambacho Kiswahili kimekiita kinga ya mwili.

Basi ilipasa kuzitafuta seli, na seli za ng'ombe hazikuwa na alama. Kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya seli za panya au za watu, kwa sehemu kubwa, hazizishiki seli za ng'ombe. Uchaguzi ule uliozipa thamani ndio uliozifanya zisifae. Maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, ILRAD, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na kujengwa Kabete, ilijitengenezea zake. Mwaka wa 1980 Pinder na Hewett walikwisha kutumia kingamwili za namna ya Köhler na Milstein kuonyesha kwamba vimelea vya Theileria kutoka sehemu mbalimbali havifanani, jambo lililoeleza kwa nini ng'ombe aliyekingwa kwa aina moja huweza kuuawa na nyingine. Kisha Ivan Morrison, Cynthia Baldwin, Bruno Goddeeris na wenzao walizitengeneza kingamwili za kuzitambua seli za ng'ombe zenyewe, wakizipa jina la IL-A na nambari. IL-A11 huonyesha CD4 ya ng'ombe, na IL-A51 huonyesha CD8. IL-A29 ilionyesha jambo ambalo panya hakulifundisha: limfosaiti za T za namna ya gama na delta, zilizo chache katika damu ya mtu na ya panya, ni kundi kubwa katika damu ya ndama. Mkutano wa kulinganisha kingamwili za wanyama wacheuao uliipa protini iliyo juu ya seli hizo jina la WC1, kwa kuwa haikupatikana mwenzake katika orodha ya Paris.

Kwa alama hizo fumbo la ndigana kali liliweza kuulizwa kwa usahihi. Mwaka wa 1981 David Emery alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa ndama mapacha, kwamba limfosaiti za pacha aliyepona zaweza kumkinga mwenziwe. Mapacha wa yai moja walihitajiwa, kwa sababu mwili wa ndama mwingine ungezikataa seli za kigeni. Mwaka wa 1994 Declan McKeever, Evans Taracha na wenzao wa ILRAD walikwenda hatua iliyobaki. Walichukua limfu itokayo katika tezi ya pacha aliyekuwa na kinga, wakati tezi hiyo ilipokuwa ikipambana na vimelea, wakazitenga seli zake kwa kingamwili, na kumpa pacha asiye na kinga fungu hili au lile. Fungu lenye CD8 lilipita na kinga pamoja nalo. CD8 zilipoondolewa, kinga haikupita.

Mwaka uliofuata ILRAD iliunganishwa na kituo cha mifugo cha Addis Ababa kuwa ILRI, ambayo ingali Kabete. Chanjo iliyotokana na kazi ya Muguga ya miaka ya 1970, ambayo ng'ombe huambukizwa vimelea hai na papo hapo kupewa dawa, imeendelea kutumika Kenya na Tanzania, nayo hukinga kwa kuziamsha seli hizo hizo za CD8. Chupa za IL-A11 na IL-A51 nazo zimesafiri mbali na mahali zilipozaliwa, na hutajwa kwa nambari zao katika maabara za mifugo zisizowahi kumwona ng'ombe wa Kiafrika.